Baiskeli ya Theodory wa Vidunda

Jumatatu, 4 Agosti.
Afande Herman kanikamata hapa Mikumi nikisambaza mikate. Kosa langu: baiskeli haina kengele. Kaipeleka kituoni, karatasi hakunipa. Jioni nimemwona anaiendesha kwenda shambani kwake, jembe lake limefungwa kwenye keria yangu ya mikate. Nimeumia. Kwa miguu, nawafikia wateja wameshamaliza chai.

Jumatano, 6 Agosti.
Ipo kamati ya raia inayopokea malalamiko juu ya askari, inakaa ofisi ya kata. Mke wangu Editha kasema niende nikaeleze yaliyonipata, basi. Editha huamini watu haraka mno. Mwenyekiti ni Mwalimu Beda, mstaafu. Nimempa shikamoo, kaitikia marahaba hata sijaimaliza. Haraka ya nini? Tena Jumapili nilimwona kanisani benchi moja na Herman, wanatumia kitabu kimoja cha nyimbo! Jina langu hawalipati ng'o. Kwenye fomu nimejaza: mlalamikaji, Theodory wa Vidunda. Nani atapanda milima yote ile kuhakikisha?

Ijumaa, 8 Agosti.
Costancia, katibu wa kamati, kapita mtaani akiuliza nani amemwona Herman na baiskeli. Majirani wamebwabwaja jinsi alivyoiendesha kwenda shambani. Mimi nimesema sijaona kitu, na baiskeli sijawahi kumiliki. Kaandika hilo kwenye daftari. Nimelala vizuri.

Jumatano, 13 Agosti.
Kumbe kamati imepanda hadi Vidunda. Imembana Herman mpaka kakiri, kapewa onyo, baiskeli ikaamriwa irudi kwa mwenyewe. Na Theodory yupo! Mzee mkulima wa maharage. Aliibiwa baiskeli miaka tisa iliyopita na amekuwa akiiombea tangu siku hiyo. Kasema rangi imebadilika, lakini Mungu ni mwema. Nimesimama nje ya ofisi nikimtazama anaifuta vumbi kwa kofia yake. Ningesema nini, na Costancia yupo pale na daftari? Imepakiwa kwenye lori, ikaondoka. Machozi yamenitoka. Watu wakadhani nimeguswa na furaha ya mzee.

Alhamisi, 14 Agosti.
Editha kanishika mkono hadi kwa Mwalimu Beda. Nimeungama kila kitu. Mwalimu hakunikaripia hata kidogo. Kasema mzee ni muungwana, akielezwa ataelewa. Nijaze tu fomu mpya kwa jina langu halisi, na wiki ijayo baiskeli itakuwa kwangu. Kisha kanipa kalamu yake mwenyewe na kutoka nje ili nijaze kwa nafasi.

Rahisi namna hiyo? Kalamu yake mwenyewe? Nimeijaza fomu, nikaikunja mara nne, nikaiacha mezani.

Njiani Editha kauliza kama nimeandika jina. Nimemjibu ndiyo, nimeandika. Filipo wa Tindiga. Kule ni tambarare, wakimpa yeye nitamfuata kwa miguu.