Wiki Niliyopanga Vitambaa kwa Rangi

Jumatatu, tarehe 3 Juni.

Leo bahati imeingia kibandani kwangu ikakosa pa kukaa. Mwalimu mkuu wa shule ya hapo juu, yeye mwenyewe, na mkoba wake! Anatafuta fundi wa kushona sare za shule nzima. Shule nzima! Mimi ambaye tangu mwaka uanze nabadilisha zipu tu, hadi mke wangu akiulizwa nafanya kazi gani siku hizi anajibu kuwa nipo nipo.

Ubaya ni kwamba ameingia na kwa jirani. Jirani ni fundi kama mimi, tumetenganishwa na ukuta tu. Watu wanamwita Saa Kamili, maana ikifika saa saba anakwenda kula, hata uwe umevaa nusu suruali anakuacha hapo hapo. Mwalimu ametupa kila mmoja kitambaa cha bluu iliyokolea, tukampima, tumshonee suti ya sketi. Jumamosi saa kumi atazijaribu zote mbili. Suti itakayomkaa ndiyo itakayobeba sare.

Akiwa anatoka akalitazama rundo la vitambaa sakafuni, akauliza huwa nakipataje cha mtu. Nikamwambia nakijua kila kimoja kwa kukigusa. Akasema yeye anapenda mtu mwenye mpangilio. Kisha akachungulia kwa jirani, akatabasamu. Roho iliniuma! Nimeapa: kuanzia kesho, mpangilio ni mimi.

Jumanne, tarehe 4.

Mpangilio unaanza na muda. Nimenunua daftari na kalamu za rangi, nikachora ratiba ya wiki. Kushona, bluu. Kupima, kijani. Kupumzika, njano. Nimemaliza kuipaka rangi saa sita na nusu. Kwa mujibu wa ratiba, muda huo nilitakiwa niwe nimeshakata suti ya mwalimu na ndiyo naingia kwenye njano. Sasa mtu mwenye mpangilio atavunjaje ratiba yake mwenyewe? Nikapumzika.

Alasiri nikashughulikia kabati la vitambaa. Seremala anasema rafu ni wiki mbili. Wiki mbili! Kuna watu hawajui kabisa thamani ya muda. Nikaenda nyumbani, mke wangu hayupo, nikatoa vyombo kwenye kabati lake, nikavipanga vizuri kitandani, kabati nikalisukuma kibandani kwa mkokoteni. Jioni aliniuliza swali moja tu: tutalala wapi. Nikamwambia mambo makubwa yana gharama zake. Yeye na masufuria wamepata kitanda. Mimi nimepata kiti.

Jumatano, tarehe 5.

Siku ya utukufu! Vitambaa thelathini na moja vyote kabatini, rangi kwa rangi. Vyeupe juu, vya njano chini yake, kisha vyekundu, vya kijani, na chini kabisa vya bluu. Vile vikaratasi vya vipimo nilivyokuwa nabana kwa pini kwenye kila kitambaa vilikuwa vinaharibu sura. Nimevichomoa vyote, nikavitia kwenye kopo la biskuti, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Nikasimama mlangoni kulitazama kabati mpaka machozi yakanilengalenga.

Nikamwita Saa Kamili aje aone. Kaja, katazama juu, katazama chini, kauliza: sasa jirani, utajuaje kipi cha nani? Wivu jamani! Nikamjibu kwa upole kuwa kila mtu na utaratibu wake. Akaangalia saa, akarudi kwenye cherehani yake. Nilimsikia anashona mchana kutwa. Mimi ratiba ilikuwa kwenye njano.

Alhamisi, tarehe 6.

Nesi kaja kuulizia blauzi yake. Nikafungua kabati kwa madaha. Vitambaa vyeupe saba. Kumbe vyeupe vyote vinafanana! Nikamwambia achague. Akasema yeye hachagui, anataka chake. Ameondoka amenuna, na kitambaa ambacho nahisi ni shuka la mtu.

Hapo nikaikumbuka suti. Nikakimbilia vya bluu. Vinne! Cha mwalimu mkuu ni kimojawapo. Nikafungua kopo la vipimo. Sasa mimi wateja siwaandiki majina, naandika kinachonikumbusha mtu. Kuna karatasi imeandikwa Miwani. Kuna Anayecheka. Na kuna tatu zimeandikwa Mkali. Tatu! Kifua inchi thelathini na nne, inchi thelathini na tisa, inchi arobaini na sita. Nikafumba macho nimkumbuke mwalimu umbo lake. Kilichokuja ni mkoba.

Mke wangu anasema nimwite mwalimu nimpime upya, ni dakika tano tu. Nijianike hivyo? Kwa mtu anayependa mpangilio? Bora nife. Mke wangu ameniletea sahani mbili kibandani, anasema nazo ni nyeupe, nizitafutie nafasi kwenye rafu ya juu.

Ijumaa, tarehe 7.

Nimepata dawa! Saa Kamili anatoka saa saba, anarudi saa nane, na mlango anaurudishia tu. Daftari lake la vipimo limeandikwa jina kwa jina. Saa saba na dakika moja nikaingia kuazima chaki. Sekunde kumi nimeshampata mwalimu mkuu: mabega, kifua, kiuno, nyonga, vyote. Ndiyo raha ya mpangilio, unamrahisishia kazi kila mtu.

Kitambaa nacho nimekibaini kwa akili. Kimoja kati ya vile vinne kina alama ndogo ya kuungua pembeni. Alama ya pasi. Nani anapiga pasi kila siku? Mwalimu! Alama nimeifunika kwa mfuko, hakuna atakayejua. Juu ya vipimo nikaongeza inchi nne za nafasi kama kawaida yangu, mtu apumue. Nikakata, nikashona mpaka miguu ikafa ganzi. Ratiba ilikuwa ukutani inaniambia nipumzike, nikaipa mgongo. Suti imetoka. Naipenda kama mwanangu.

Jumamosi, tarehe 8.

Saa kumi huyo hapo. Kaanza na suti ya jirani. Imemkaa utadhani kazaliwa nayo. Kisha akavaa yangu, akatoweka. Mikono inaning'inia, sketi inazunguka yenyewe, mkoba umeingia ndani ya koti na nafasi imebaki. Kumbe Saa Kamili akipima mtu huandika kipimo ambacho ameshakiongezea nafasi! Nami nimeongeza juu ya nyongeza. Hivi ni binadamu gani anaandika vipimo namna hiyo? Mtu wa hila tu!

Nikiwa namweleza mwalimu kuwa huo ndio mtindo mpya, akaingia mlinzi wa benki kuulizia suruali yake. Anasema kitambaa chake ni cha bluu, kiliungua kidogo pembeni na pasi. Macho yake yakatua kwa mwalimu mkuu. Akamwamkia, akamwomba radhi, akachungulia ndani ya mfuko wa koti. Akasema ndicho hiki.

Mwalimu akavua koti, akamkabidhi mlinzi. Akaenda kabatini, akakitambua kitambaa chake mara moja, akakichukua. Sare zimekwenda upande wa pili wa ukuta. Nilikaa kwenye kigoda nikalia. Sifichi, nililia.

Jumapili, tarehe 9.

Saa Kamili kaja nyumbani. Anasema sare ni nyingi, peke yake hazimalizi, na mkono wangu kwenye cherehani haujawahi kuwa na tatizo. Kaleta mashati arobaini, ameshayakata mwenyewe tangu jana kwa vipimo vya shule, kazi yangu kuunganisha tu. Anayataka Jumatano. Nilitaka kukataa kiume, mke wangu akakubali kabla sijafungua mdomo. Hata masufuria ameyashusha kitandani.

Mashati nimeyapeleka kibandani. Mafurushi arobaini, kila mtoto na furushi lake, limefungwa kamba. Mbele, mgongo, mikono, kola, vyote vimechanganywa humo humo. Vurugu tupu! Na huyu ndiye anayesifiwa! Nimefungua kamba zote. Mikono themanini rafu ya juu. Kola arobaini rafu ya kati. Mbele na migongo chini. Vya watoto wa darasa la kwanza na vya vijeba wa madarasa ya juu, vimelaliana sawasawa, pindo kwa pindo.

Kabati linapendeza kupita lile la Jumatano. Nimemtumia Saa Kamili ujumbe aje ajifunze kitu.