Nahodha Aliyepigana Kabla ya Kuzaliwa

Jumatatu, 3 Juni
Wewe uliyeliokota daftari hili, nakusihi ulifunge. Ukishindwa, soma kimya. Usimwambie mtu, hata mkeo, hata paka.

Mimi ni karani wa majaribio kwa wachapishaji. Ijumaa nathibitishwa kazini, au nafukuzwa. Kazi yangu ni kutunza orodha ya miaka ya riwaya zetu sita za safari za anga, ili kitabu cha saba, kinachosimulia yaliyotangulia, kisigongane nazo. Nilikikagua, nikagonga mhuri wa kukipitisha. Rangi ya macho ya kila mtu, makovu, ngazi za chombo: sawa. Miaka niliiweka kiporo, nikaisahau.

Leo nimeona. Kitabu cha kwanza: Nahodha, shujaa wetu, anazaliwa mwaka 182. Kitabu kipya: anaongoza vita vya mwaka 180. Ameshinda vita kabla mama yake hajabeba mimba. Na kitabu kiko mtamboni, kinachapwa.

Jumanne, 4 Juni
Nimefuta 182 kwenye orodha, nikaandika 150. Moyo umetulia dakika tano. Kumbe msahihishaji, tunayemwita Dada Sindano, alikuwa nyuma yangu. Akauliza: orodha umeifuta, mdogo wangu, na vitabu vilivyomo majumbani utavifuta nyumba kwa nyumba? Nikasema najaribu kifutio. Akasema kifutio ni kizuri, ila jasho langu linalowesha ukurasa.

Jumatano, 5 Juni
Sura ya kwanza ilishatoka gazetini, kwa hiyo msomaji yeyote angeweza kuiona kasoro. Nimemwandikia Mama Mwandishi barua kwa mkono wa kushoto, nikajiita Shabiki wa Milele. Nimempongeza kwa siri aliyoificha: miaka ya chomboni ni mifupi kuliko ya nchi kavu, hivyo 182 ya chomboni ilitangulia 180 ya nchi kavu. Nimeitumbukiza kwenye sanduku la barua la ofisi.

Alhamisi, 6 Juni
Mama Mwandishi amekuja na barua ya Shabiki mkononi, akacheka mpaka akavua miwani. Alisema hakuficha chochote, alikosea tu, lakini kuanzia leo atasema aliificha. Mtambo umesimamishwa, ukurasa mmoja wa maelezo unaongezwa. Nimepona. Sindano akasema wino leo umeupenda mkono wangu wa kushoto.

Ijumaa, 7 Juni
Mhariri Mkuu ameniita. Kwa upole alisema mhuri wangu ni kipofu, hanithibitishi. Nafasi atampa Shabiki wa Milele. Wazo limemjia asubuhi hii akipiga mswaki, hajamwambia mtu. Akaniagiza niandike barua ya kumwita.

Nimenyang'anywa kazi na mimi mwenyewe.

Sindano alinisubiri ukumbini. Akasema: nenda kwa Mhariri ukaseme ukweli, mdogo wangu, Mzee hali watu. Nilifika hadi mlangoni kwake. Nikashika kitasa. Hapo likanijia jambo bora zaidi.

Jumamosi, 8 Juni
Jibu la Shabiki liko tayari. Anashukuru kwa nafasi aliyopewa, ila miguu yamsumbua. Anasikia hapo pana karani kijana mwangalifu, basi athibitishwe huyo. Nimeitia tarehe ya Jumatano, ionekane imechelewa posta. Safari hii nimeuhakiki mwaka mara tatu. Mwaka uko sawa.

Anayemtaka Shabiki aandike barua kupitia kwa shangazi yangu, nyumba ya geti la bluu nyuma ya kiwanda cha matofali. Jina langu lisiwepo kwenye bahasha. Agonge mlango wa uani mara mbili. Shangazi akisema hamjui mtu huyo, asibishane naye, sijamwambia. Aiache tu dirishani.