Uhindi na Omani Zashikana Mikono, Benchi la Firoz Lagoma

Kijiwe cha Wembley hakina jiwe. Kina benchi la mbao lililoegemezwa ukuta wa duka la Firoz, kati ya makasha ya muhogo na ndizi za kupika, na juu yake turubai linalovuja upande mmoja. Upande huo unaovuja ndio aliokuwa akiukalia Vijay, fundi cherehani mstaafu, ambaye benchi zima linamwita Mkasi kwa tabia yake ya kukata maneno ya watu katikati. Hakulazimishwa na mtu. Alikaa pale kwa kiburi chake mwenyewe, wiki ya tatu sasa, kwa sababu upande mkavu alikaa Matar.

Matar, ambaye asili yake ni Omani, ndiye Birika. Kila siku mchana huja na birika lake la kahawa ya tangawizi, kalizungushia taulo kama mtoto mchanga, na vikombe vidogo vinamlia mfukoni mwa koti. Hakuna kahawa kama ile Landani nzima, usidanganywe na mtu. Mkasi alikuwa anaambulia harufu tu. Mkononi alishika kikombe cha karatasi cha chai ya Firoz, ile ya mfuko, na kila funda aliloshusha lilimtia huzuni.

Na usiwaone vile, wawili hawa wamecheza gololi pamoja Malindi ya Unguja. Yalipokuja mapinduzi kila familia ikashika njia yake, wakaja kuonana watu wazima kwenye foleni ya basi hapa hapa Wembley, wakakumbatiana mpaka basi likawaacha. Leo wamekaa benchi moja na hawasemezani, na Jumapili Bharti, binti wa Mkasi, anaolewa.

Hapo ndipo penye moto. Harusi ya Kigujarati, bibi harusi huingizwa na mjomba wake, ndugu wa mama. Lata, mke wa Mkasi, hana kaka. Tangu Bharti yuko na meno ya maziwa shauri lilikwisha katwa kwamba mjomba ni Matar, dini na dini zikae pembeni. Kilichobaki ni Mkasi kwenda kumwomba kwa mdomo wake, na mdomo haufunguki. Asubuhi ile Lata alimsindikiza mpaka mlangoni, akamwambia, "Usirudi hapa bila mjomba," akafunga mlango.

"Jamani, jamani, habari kubwa!" Firoz alitoka dukani na simu mkononi. Benchi ni lake na haachi kukukumbusha, ndiyo maana anaitwa Landilodi. "Viongozi wa Uhindi na Omani wamekutana. Sikilizeni: wamekubaliana kuimarisha ushirikiano wa kidiplomasia na kiuchumi kwa maslahi ya pande zote mbili."

"Tena?" Adelina wa Bukoba aliweka begi lake chini. Yeye huhudumia wazee majumbani mwao, benchi likamwita Matroni. "Huo uhusiano kila nikisikia unaimarishwa. Kwani unalegeaga saa ngapi?"

"Ni kama kitanda cha kununua kwa boksi," akasema Naftali, dereva wa basi, Mkenya wa Kisii, mrefu hadi benchi likamwita Dabodeka, kama yale mabasi ya ghorofa. Alikuwa kwenye sare, anangoja zamu yake. "Kila wiki unakaza skrubu na bado kinalia."

Birika alikaza macho barabarani. "Dabodeka, hebu mwulize huyo jirani yako, serikali yake imepeleka nini Maskati safari hii."

Ndiyo kazi aliyopewa Dabodeka wiki hizo tatu: kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili, baina ya wazee wawili waliopishana urefu wa mikono miwili.

"Mzee Mkasi, anauliza gava yenu imepeleka nini huko."

"Nimemsikia, masikio ninayo! Mwambie serikali yangu mimi ni kaunsili ya hapa, na mwezi huu imeniletea pipa jipya la taka."

"Mzee Birika, anasema wamepata pipa."

"Mpe hongera. Mwambie yule sultani wake wa mapipa..."

"Sultani ni wa kwenu!" Mkasi akakata. "Usinibebeshe!"

"Wa kwetu wapi? Mimi Maskati nimekwenda mara moja, kumzika ami yangu. N'kapotea sokoni, n'kaomba njia kwa Kiarabu changu, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Alonitoa mle sokoni ni Mhindi, kwa Kiswahili!"

Benchi likaangua kicheko. Mkasi naye kikamtoka, akakirudisha haraka na chai.

"Mimi Gujarati," akasema, akimwangalia Dabodeka ili asije kuonekana anaongea na mwingine, "nilifika wakaniita Mwafrika. Nikaagiza muhogo na pilipili. Mwenye hoteli akamwita daktari."

Sasa Birika ndiye aliyeuma midomo. Mkasi alimwona kwa pembe ya jicho, na roho ikamuuma kweli. Huyu mtu walikuwa wakicheka naye hivi miaka nenda miaka rudi. Leo anacheka kwa siri kama mwizi.

Matroni akasimama, mikono kiunoni. "Wazee wangu, shikamooni, lakini mnatuchosha. Uhindi na Omani, na bahari yote ile katikati, wameshikana mikono. Nyie katikati yenu kuna Dabodeka tu!"

"Tufanye mkutano wa kilele," akasema Landilodi, macho yanang'aa. "Hapa hapa. Benchi langu halifungamani na upande wowote."

"Limefungamana na upande unaovuja," akasema Mkasi.

"Hilo tutaliingiza kwenye ajenda. Dabodeka ni Umoja wa Mataifa. Matroni ni ulinzi. Mimi mwenyeji, na wageni waheshimiwa wasiguse ndizi." Akapindua kasha la muhogo likawa meza, akatandika juu yake taulo la Birika. "Kipengele cha kwanza, biashara. Omani inaleta nini?"

"Kahawa," akasema Matroni.

"Uhindi?"

"Mdomo," akasema Birika.

Mkasi aliruka kama aliyekalia sindano. "Dabodeka! Mwambie Uhindi ilishapeleka mzigo wake! Mzigo wa nguvu, wa samli safi, Lata kasimama jikoni siku nzima na magoti yake yale! Haukupata hata ahsante! Mtu mzima, wiki tatu, hata ahsante!"

"Mzee Birika, anasema..."

"Mzigo gani?" Birika aligeuka, akasahau kabisa kwamba ana mkalimani. "Mzigo gani, Vijay? Mimi siku ya Idi nakuletea vitumbua kwenye sahani ya mama yangu, ile ya maua ya buluu, ilotoka Unguja imezongwa kanga. Sahani ikarudi tupu! Nyeupe! Tena imeoshwa, ikapanguswa, inang'aa kama ya dukani!"

Matroni akashika mdomo. Dabodeka akaitazama saa yake.

Kwa asiyejua: Unguja sahani ya jirani hairudishwi tupu. Huna kitu, unatia sukari. Huna sukari, unatia hata ndimu mbili. Kuirudisha tupu ni kumwambia mwenzio chakula chako kimeingia kwetu na habari yako imekwisha. Na aibu kubwa kupita hiyo ni kuiulizia. Mtu anayejiheshimu hagongi mlango kuuliza mbona sahani yangu haina kitu. Wala aliyetia ladu, vile vitamu vya Kihindi vya samli, hapigi simu kuuliza mbona hukushukuru. Basi kila mmoja alimeza lake, likamkaa kooni wiki tatu.

"Tupu?" Mkasi alisema polepole. "Matar, mimi nilitia ladu. Zikapanda mlima. Nikafunga kitambaa kwa mkono wangu."

"Ladu sikuziona."

"Nimempa..."

Vichwa vinne vikageuka pamoja.

Umoja wa Mataifa ulikuwa umeanza kufunga vifungo vya koti. "Sasa," akasema Dabodeka, "kwani hizo hazikuwa zangu?"

"Zako?!"

"Ngojeni kwanza, wazee. Mzee Mkasi alinipata hapa akaniambia nipelekee Matar sahani yake. Mimi nikajua mzigo ni sahani. Nafungua, napata vitu tamu juu. Nikasema, aki huyu mzee ana roho safi, amenifikiria! Kwetu mtu mzima akikutuma lazima akupee kitu ya njia. Nikakula nikiwa nimepaki huko mwisho wa ruti."

"Zote?" akauliza Mkasi.

"Ruti ilikuwa na foleni, mzee."

"Na ukaosha sahani," akasema Birika, sauti imemwishia.

"Na sabuni! Ningekupelekea kitu chafu, na vile nakuheshimu? Nikapanguza na tishu. Na Mzee Mkasi, hata sijawahi kumshukuru Mama Bharti. Mwambie zilikuwa tamu sana."

Matroni alianza kucheka taratibu, halafu akateleza kutoka kwenye benchi mpaka kwenye kasha la ndizi. "Wiki tatu mpatanishi anatafsiri! Kumbe mkataba uko tumboni mwake!"

"Ndizi zangu!" akapiga kelele Landilodi.

Mkasi hakujua acheke au amrukie mtu shingoni. Alifurahi, aliona aibu, na alijionea huruma kwa chai yote ile ya mfuko aliyokunywa bure. Alinyanyuka kutoka upande unaovuja, akaenda kusimama mbele ya Birika, maji yanamchuruzika kwenye kofia.

"Matar," akasema. "Jumapili."

"Dabodeka, mwambie..." Birika akaanza kwa mazoea, akajikamata. "Jumapili nini?"

"Bharti hana mjomba."

"Nani kakwambia hana?" Birika alipandisha sauti kweli kweli, macho yakamlowa. "Suti nshaitoa kwa dobi wiki iliyopita! Kilemba nshanunua! Usingeniomba ningekuja vivyo hivyo, ningemwingiza mtoto wangu, kisha ningekwenda kukaa upande wa bwana harusi nikakununia mpaka punje ya mwisho ya wali. Kaa chini, yakhe, unaniroweshea viatu."

Mkasi akakaa, upande mkavu. Birika akafunua birika, akamimina, na Mkasi akalishusha funda la kwanza macho kayafumba. Tangawizi ilikuwa kali.

Landilodi akasimama juu ya kasha. "Taarifa ya pamoja! Pande zote mbili zimekubaliana kuimarisha..."

"Safari hii ulikuwa umelegea kweli," akasema Matroni.

Birika akainama chini ya benchi, akavuta mfuko wake, akatoa kitu kilichofungwa kitambaa: sahani ya maua ya buluu, imejaa halua. "N'likuja nayo nimwachie Firoz ampe Bharti. Si yako wewe, ni ya Bharti. Chukua."

Dabodeka akanyoosha mikono yake mirefu, uso umejaa wema. "Zamu yangu inaanza saa hii na napita huko huko. Nipatieni nipeleke."

"Kaa chini!" Benchi zima lilisema kwa sauti moja, na huo ndio ukawa uamuzi wa pekee uliopitishwa siku ile bila pingamizi.

Mvua ilikuwa imechanganya Mkasi alipoondoka. Hajafika mbali basi likapunguza mwendo nyuma yake, likasimama kituoni, milango ikafunguka. Humo ndani mlikuwa na joto na viti vitupu.

"Mzee Mkasi!" Dabodeka alimwita kutoka kwenye usukani. "Panda nikusogeze, utalowa!"

Mkasi aliutazama mlango, akaitazama sahani. Akaitia ndani ya koti, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akaenda kwa miguu mpaka kwake Alperton.