Chuma cha Baba Mkwe

Wajanja hawatafuti fursa. Hulala kwenye kochi, ikawafuata. Ndivyo Suti alivyokuwa amejilaza sebuleni kwa baba mkwe, anakoishi bure na mkewe, macho yake yalipotua kabatini kwenye kile chuma. Kiliwahi kuunga mguu wa mzee, kikatembea naye miaka kabla ya kutolewa, na sasa hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuondoka bila kukishika.

Mwenye kliniki mmoja alikuwa akitafuta vyuma vya mifupa vya bei poa. Suti alikuwa na fundi madirisha mwenye mabaki ya alumini. Kilichokosekana ni cheti cha maabara ya chuo kikuu.

"Na vikivunjika mguuni mwa mtu?" fundi aliuliza.

"Si atarudi kliniki? Huyo ni mteja, usimwite msiba."

Basi chuma cha mzee kikaibwa ili kikapimwe kwa niaba ya alumini. Kilikuwa na namba, Suti akazifuta kwa tupa aliyoazimwa na mzee mwenyewe. Mzee alimpa kwa furaha. Mkwe kushika kifaa cha kazi ilikuwa habari.

Maabarani, profesa, mama mfupi asiye na haraka, alikibana chuma kwenye mashine iliyokikunja na kukikunjua, kama mtu anayetembea bila kufika. Mwenye kliniki alikaa pembeni, kalamu mkononi.

"Taratibu, mama," Suti alisema. "Jioni naondoka nacho."

"Kaka, hapa hakitoki kitu kizima. Nguvu ya chuma tunaijua kikishavunjika."

Suti hakulijua hilo, maana hakuwa ameuliza. Chuma kikalia *tak*, mapema mno.

Profesa aliinamia darubini. "Chuma nacho huchoka, na hiki kimetembea sana. Lakini ufa umeanzia kwenye mikwaruzo hii. Nani alikipiga tupa?"

Mwenye kliniki alifunika kalamu yake. "Mimi ni mtu mwaminifu," akasema, akaenda kutafuta tapeli mwenye bahati zaidi.

Vipande profesa alikataa kuvirudisha. Alisema mfano mzuri kama huo wa kufundishia hauokotwi kila siku.

Jioni mzee alisimama mbele ya kabati tupu. Suti akajikohoza.

"Baba, chuo kikuu wamekiomba. Wanafunzi watasomea mguu wako."

Mzee alilia kwa furaha, akawapigia simu ndugu wote. Jumamosi ukoo mzima ulikwenda chuoni, mzee mbele, kavaa koti alilovaa kwenye harusi ya bintiye.

Vipande vilikuwa ukutani, nyuma ya kioo. Mzee alivaa miwani, akasoma maelezo kwa sauti: "Kilibeba mguu wa mtu bila kosa. Kikaja kuuawa na tupa ya mjinga."

Akavua miwani.

"Tupa yangu," mzee alisema polepole, "nilimwazima mtu mmoja tu."

Suti alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, haukutoka hata uongo mdogo.

Mkewe akamnyooshea kiganja. "Lete ufunguo wa kwa baba."