Kalamu ya Msajili wa Ndoa

Jumapili, 2 Juni

Mchana kwa dada. Albamu ya harusi ya binti yake, kwa mara ya nne. Kila ukurasa nasema amependeza, amependeza. Ukurasa wa kumi na mbili nikakwama. Bibi harusi ameinama mezani kwa msajili, anatia saini. Mkononi ana kalamu ya wino. Kijani kilichokoza, ukanda mwembamba wa dhahabu, na kwenye kibanio umechorwa mnara!

Nikaomba kuipeleka albamu dirishani penye mwanga. Dada akafurahi, akasema angalau leo nimeonyesha kumpenda mpwa wangu. Nikasema nampenda mno. Nikauliza kama kuna picha nyingine ambayo kidole gumba cha mpwa wangu hakijaziba kalamu. Akaninyang'anya albamu.

Lakini nimeona! Niandike yote hapa, ili nikifa leo dunia isipate hasara. Siku mnara wa saa ulipozinduliwa zilitengenezwa kalamu ishirini na nne za ukumbusho. Kila moja ina namba, na namba imechongwa ndani, haionekani mpaka ufungue kiwiliwili cha kalamu. Mimi ninazo mbili. Bwana Tai, mwalimu mkuu mstaafu anayevaa tai ya kipepeo hata akienda kununua vitunguu, anazo nne, na haachi mtu apite bila kumwambia. Tatu hazijulikani zilipo: namba kumi na mbili, namba kumi na saba, na namba moja. Namba moja! Miaka kumi na moja naitafuta. Kumbe kazi yake ni kuozesha watu.

Jumatatu, 3 Juni

Niliomba ruhusa kazini, nikasema jino linauma. Mkuu wa maktaba akasema mwaka huu yameshaniuma manane. Mimi ndiye mtunza magazeti ya zamani pale, na magazeti ya zamani hayana haraka.

Ofisi ya msajili wa ndoa iko ghorofa ya pili, juu ya ofisi ya maji. Viti vinane, maua ya plastiki, feni inayozunguka ikijisikia. Mama Msajili ni mwanamke mpana mwenye miwani ya mnyororo. Nikampa shikamoo yake, nikamweleza kwa ustaarabu kwamba mimi ni mtafiti. Akauliza, mtafiti wa nini. Nikasema wa kalamu. Akaivaa miwani ili anione vizuri.

Kalamu ipo. Droo ya kushoto, yenye ufunguo, imelazwa juu ya kitambaa cheupe. Nikaomba kuishika dakika moja tu. Akasema hiyo ni ya maharusi. Aliyemtangulia alimwachia hivyo, na huyo naye aliachiwa hivyo. Wanaoishika ni wawili tu, bwana na bibi, siku yao. Nikamwuliza kama hajawahi kutaka kujua ndani ina namba gani. Akasema hajawahi, na usingizi anapata. Hivi watu wengine wanaishije?

Jumanne, 4 Juni

Kutwa nzima kwenye magazeti. Vumbi puani mpaka kwenye ubongo. Nimepata! Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alisaini kitabu cha wageni kwa kalamu namba moja, "akaisahau mezani kwa furaha." Na wiki sita baadaye, tangazo dogo chini ya bei za mbolea: ofisi ya msajili inashukuru kupewa meza ile ile "pamoja na vilivyomo." Vilivyomo! Nikapiga kelele. Mzee anayekuja kusoma matangazo ya vifo alishusha gazeti, akaniuliza kama ni mtu ninayemfahamu.

Jumatano, 5 Juni

Njama ya kwanza. Wanaosaini si maharusi peke yao. Mashahidi nao husaini! Nilivaa suti, nikakaa kwenye benchi la korido toka saa mbili. Saa nne wakaja vijana wawili, shahidi wao mmoja amekwama njiani. Nilisimama kabla hawajamaliza kulalamika. Nikamwambia Mama Msajili kwamba nawafahamu tangu utotoni. Bwana harusi akanishukuru. Bibi harusi akamnong'oneza bwana harusi.

Ikafika zamu yangu ya kusaini. Nikanyoosha mkono. Mama Msajili akanisogezea kalamu ya plastiki iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, kitako chake kimetafunwa. Ile ya kijani ilipita mbele ya pua yangu, ikarudi drooni. Machozi yalinitoka. Mama wa bibi harusi akanikumbatia, akasema ni nadra siku hizi kuona shahidi mwenye moyo. Nimo kwenye picha zao kumi na tatu.

Alhamisi, 6 Juni

Njama ya pili. Nilibeba kitambaa laini, mafuta na brashi ndogo, nikajitambulisha kama fundi wa kalamu, huduma bila malipo. Mama Msajili akasema mafundi wamekuwa wengi. Mwezi uliopita alikuja mmoja mwenye tai ya kipepeo.

Damu ikanichemka. Natoka nje, macho yanagota kwenye ubao wa matangazo. Bwana Tai anaoa! Tarehe 28 Juni. Anamwoa nesi mstaafu wa zahanati. Mtu mgane kwa miaka tisa, leo anakumbuka ndoa! Mnafiki! Kumtumia mwanamke wa watu kwa ajili ya kalamu! Nilisimama pale koridoni nikitafakari uovu wa binadamu, na katikati ya kutafakari nikakumbuka kwamba mimi nina mchumba.

Nina mchumba wa miaka sita. Ni fundi wa miwani, duka lake liko mkabala na maktaba. Kila mwaka humwambia avumilie kidogo, nimalize kwanza orodha ya zile kalamu. Hajawahi kulalamika. Amelalamika mara mbili. Nilivuka barabara mbio nikamkuta anampima mteja macho. Nikamwambia tufunge ndoa tarehe 28. Aliweka lenzi chini, akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema hapana, nimechoka kusubiri. Na ni kweli tupu! Sikusema kusubiri nini. Akacheka na kulia kwa pamoja, na mteja, ambaye hakuwa akiona vizuri, akapiga makofi. Nilisikia kitu fulani chini ya mbavu. Nadhani ni njaa, nilikuwa sijala.

Ijumaa, 7 Juni

Tumeandikisha. Tangazo letu litakaa ubaoni wiki tatu kama sheria inavyotaka. Mama Msajili alimwuliza mchumba wangu kama kuna anayemlazimisha. Kisha akamwuliza tena, taratibu zaidi, huku akinitazama mimi. Bwana Tai kapangiwa saa tatu, sisi saa tatu na nusu. Ina maana ataiona namba kabla yangu! Niliomba tubadilishane. Nikakataliwa.

Jumamosi, 15 Juni

Mazoezi. Kalamu yangu mwenyewe, chini ya ukingo wa meza, mkono wa kushoto. Zungusha mara tatu, chungulia, rudisha mara tatu. Nimefikia sekunde tisa. Hakuna atakayegundua.

Mchumba wangu alileta vitambaa vya gauni nichague. Nikasema vyote vizuri. Akasema nitaje kimoja. Nikasema kile cha kijani. Cha kijani hakikuwepo. Akavikunja vitambaa vyake, akasema basi, atatafuta cha kijani.

Alhamisi, 27 Juni

Dada amekuja kunipigia pasi suti, analia kila kifungo. Mchumba wangu naye alipita jioni akitoka dukani. Akakaa ukingoni mwa kiti. Akasema kwa miaka sita alijiona kama kibao cha duka ninachokipita kila asubuhi, nakijua kilipo lakini sikisomi. Tangu siku ile nilipoingia dukani nikihema, anajiona mtu. Akasema anaogopa kwa sababu ana furaha sana.

Sikujua nitazame wapi. Nilitazama viatu vyangu. Nilitaka kumweleza, kweli kabisa, mdomo ulishafunguka. Ndipo nikawaza: na kama ni namba moja?

Ijumaa, 28 Juni

Nitaandika upesi, mkono bado una rangi.

Saa tatu, Bwana Tai. Nilisimama mlangoni nimkabe kwa macho. Alipewa kalamu akasaini mara moja, hata hakuitazama! Alikuwa anamtazama nesi. Akairudisha kwa Mama Msajili bila kifuniko. Sijapata kuona uzembe wa namna hii kwa mtu anayejiita mkusanyaji.

Saa tatu na nusu, sisi. Mchumba wangu alisaini kwanza, polepole, herufi zake zimenyooka. Kalamu ikaja kwangu ikiwa na joto la mkono wake. Nzito. Nzuri ajabu. Nikaishusha chini ya ukingo wa meza. Zungusha mara tatu.

Jambo moja sikulifikiria. Zangu mimi ni za kabatini, hazina wino. Hii ilikuwa imejaa, na kile kimfuko cha mpira ndani kimezeeka. Kilipasuka! Nikaiinua kwa mshtuko, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Wino kwenye daftari la ndoa, wino kwenye gauni la kijani, wino kwenye lenzi zote mbili za Mama Msajili. Lakini niliona! Niliona moja, halafu doa. Kwa hiyo mahali ambapo watu husema ndiyo, mimi nilisema kwa sauti: jamani, hii ni moja au kumi na saba?

Feni ikaendelea kuzunguka. Mchumba wangu akajifuta shavu kwa mkono wa gauni, akaniuliza taratibu kama ni kwa sababu hiyo. Nilipaswa kukana. Nikasema inaweza pia kuwa kumi na mbili.

Akachukua mkoba wake akaondoka. Nilisikia viatu vyake kwenye ngazi mpaka chini kabisa. Dada akanichapa kwa shada la maua. Mama Msajili akapiga mistari miwili juu ya ukurasa wetu, akaandika "batili" kwa ile kalamu ya uzi. Bwana Tai alikuwa bado koridoni akipiga picha. Akanipa leso yake, akanishika bega, akasema nimfuate nisije nikamkosa. Nikamwuliza kama yeye aliiona namba. Akasema alisahau kuangalia. Alisahau!

Jumapili, 30 Juni

Nilikwenda kwao. Mama mkwe, kama bado ni mkwe, akaniacha nje saa mbili nzima, akiniletea kiti lakini si ruhusa. Hatimaye mchumba wangu akatoka. Macho yamevimba.

Nililia. Nilimwambia ukweli wote, kuanzia albamu. Nikamwambia kwamba viatu vyake vilipokuwa vinashuka zile ngazi, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja sikuwa nafikiria kalamu yoyote, na kwamba niliogopa mno. Hilo sikulitunga. Hata mimi lilinishangaza.

Kisha akasema atanipa nafasi moja, ya mwisho. Si ofisi ile. Tutakwenda kwenye kiofisi cha mji wa pili, kile kilicho nyuma ya stendi, na kalamu atakuja nayo mwenyewe, ya plastiki. Tarehe 31 Julai. Na habari za kalamu za ukumbusho ziishe. Nikakubali kwa moyo wote. Nilikwenda nyumbani nikaleta kalamu zangu mbili na orodha, nikamkabidhi. Akazifungia pamoja na fremu zilizovunjika. Nimerudi nyumbani mwepesi. Mimi ni mtu mpya.

Jumanne, 2 Julai

Asubuhi tulikwenda mji wa pili kuandikisha. Mambo shwari. Karani hata hakuniuliza chochote.

Mchana kazini. Mkuu wa maktaba akasema leo sura yangu imekunjuka, huenda ni kwa sababu meno yamepona. Nikapangusa magazeti. Kupangusa tu, naapa. Juzuu moja likafunguka lenyewe. Ukurasa wa nne: kuzinduliwa kwa ofisi ya msajili, mji wa pili. Picha ya wageni kumi wamesimama mstari, kila mmoja ameshika kitu chembamba kifuani. Nikasogeza taa nisome maelezo ya picha. Kalamu za ukumbusho, rangi ya zambarau, "na moja itabaki ofisini kwa matumizi ya maharusi." Zambarau! Hakuna orodha yoyote duniani inayozitaja! Hata Bwana Tai hazijui!

Nilivuka barabara bila kutazama magari. Mchumba wangu alikuwa na wateja watatu. Nikamwambia tarehe 31 ni mbali mno, wiki tatu za tangazo zinaisha tarehe 23, kwa nini tusifunge ndoa tarehe 24. Akaweka lenzi chini. Machozi yakamlengalenga. Akasema mwanamume mwingine baada ya aibu ile angekuwa anajivuta, kumbe mimi nahimiza. Akasema sasa ameniamini. Akanishika mkono mbele ya wateja wote, na hakuuachia kwa muda.

Sikumwambia habari za ukurasa wa nne. Nikiwa njiani kurudi kazini nimenunua karatasi ya kukaushia wino.