Jinsi Nilivyoipata Nyumba ya Udongo ya Gabane

Jumatatu, 9 Oktoba
Joto nyuzi arobaini na moja. Bati la nyumba hii ya kupanga linapasuka kama bisi. Mama kazirai tena, mara ya pili tangu Septemba. Muuguzi wa zahanati kanifokea mbele za watu: nimtoe mama wa watu kwenye tanuri. Mke wangu Seneo kasema akiba tunayo, tununue nyumba rafiki wa mazingira. Kuta nene za udongo, umeme wa jua, maji ya mvua. Nimekubali papo hapo. Kwa ajili ya Mama, bila shaka. Lakini hapa hakuna anayesoma, basi nikiri: Moatlhodi, kaka yake Seneo, ana paneli nane za jua juu ya paa, na hawezi kumeza tonge bila kuzitaja. Kesho atakoma!

Jumanne, 10 Oktoba
Tumekwenda kijiji cha Mmopane. Dalali katangaza "nyumba ya kijani". Kweli ni ya kijani. Kuta kijani, mlango kijani, choo kijani. Rangi mbichi imenishika suruali. Tangi la mvua lipo, kijani vilevile, ila halina kitako. Mama kamuuliza maji yanakwenda wapi mvua ikinyesha. Dalali kajibu kwa heshima zote: "Yanapita, mama."
Seneo kanivuta shati kabla sijatia sahihi. Ahsante Mungu!

Jumatano, 11 Oktoba
Nimeiona! Iko Gabane, chini ya kilima. Udongo mtupu, paa la nyasi, tangi lenye kitako. Mwenyewe ni Mma Tshukudu, mwalimu mstaafu, mjane. Waliijenga yeye na marehemu mumewe kwa mikono yao. Anahamia kwa binti yake, mjini Maun, mbali kaskazini. Ila hamuuzii yeyote tu, anataka mtu atakayeitunza.
Nikamwambia nimeyapenda mazingira tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Akauliza nimefikaje. Kwa baiskeli, nikasema. (Gari nililificha nyuma ya kanisa.) Mambo safi, hadi aliponisindikiza getini akauliza baiskeli iko wapi.
Nikasema imeibwa.
Kosa! Mama yule ana sauti ya paredi. "Jamani, mwizi! Rra Gaolathe kaibiwa!" Nusu ya Gabane ikatoka na fimbo kunitetea mimi, Rra Gaolathe. Wakatafuta vichakani nusu saa, na mimi nikitafuta nao, jasho likinitoka. Mwishowe mjane kanikabidhi baiskeli ya marehemu mumewe, machozi yakimlenga. Nikaipanda mbele ya umati. Mara ya mwisho nilikuwa darasa la nne. Nimeanguka mara mbili kabla ya kulifikia kanisa.
Ijumaa anakuja kwetu kuona bustani yangu ya mboga. Sina bustani.

Alhamisi, 12 Oktoba
Balaa. Moatlhodi naye anaitaka! Kapiga simu kujigamba: atakata vyumba sita vya watalii. "Shemeji, wewe baki na bati lako, usije ukapata mafua huku kwenye ubaridi," kaniambia, akacheka.
Nimecheka naye. Kisha nikamnong'oneza, kwa mapenzi ya kifamilia, kwamba darini mna nyoka. Mkubwa. Kakata simu. Uongo mtupu, lakini umefika mahali pake!
Mchana nimenunua miche arobaini ya spinachi.

Ijumaa, 13 Oktoba
Siwezi kuandika kwa aibu. Naandika.
Miche niliipanda asubuhi, mistari iliyonyooka. Mama alikaa kivulini akitafuna viwavi vyake vya phane, ananitazama. Mma Tshukudu akafika. Akasifu. Akainama, akavuta mche mmoja kidogo tu. Ukatoka na kifuko chake cha plastiki, na karatasi ya duka imening'inia.
Nikasema ni mbinu mpya ya kuokoa maji.
Mama kacheka hadi akapaliwa. "Huyu mwanangu? Jembe hulishika kama mwiko!" Akamweleza yote niliyomsimulia Jumatano usiku. Gari nyuma ya kanisa. Baiskeli ambayo haikuwepo. Mama mzazi!
Mma Tshukudu hakunitazama tena. Alimuuliza Mama tu, taratibu, anaishije na joto hili. Mama akajibu: "Nje jua, ndani jua lenye mlango. Nikifumba macho sijui kama nitayafumbua."
Mgeni akapakia baiskeli ya mumewe kwenye teksi, akaondoka. Kwaheri nyumba. Sikula chakula cha jioni. Nimempepea Mama kwa gazeti hadi akalala.

Jumamosi, 14 Oktoba
Simu imelia. Si kwangu, kwa Seneo. Mma Tshukudu anataka tumlete Mama.
Tukamkuta Moatlhodi kashafika, futi mkononi, anaonyesha ukuta wa kuvunjwa. Mama kaingia bila kumsalimu mtu. Akaweka shavu ukutani. Akakaa hivyo muda mrefu, macho kafumba. Kisha akashuka sakafuni, akanyoosha miguu, akalala. Papo hapo! Usingizi wa mtoto. Mma Tshukudu aligeukia dirishani akajifuta macho kwa shali yake.
Moatlhodi kamsogelea mwalimu. Kauliza kwa kunong'ona kama ni kweli darini mna nyoka.
"Yupo," mwalimu akajibu. "Hana sumu. Anatumalizia panya, mwaka wa sita sasa. Nani kakuambia?"
Moatlhodi katoka mbio, futi inamfuata nyuma kama mkia. Nami nilikuwa nimeshapiga hatua moja kuelekea mlangoni. Lakini Mama alikuwa anakoroma!
Mma Tshukudu kamshika Seneo mkono: nyumba ni yenu, hati iandikwe jina lako na la mama mkwe wako. La huyu, hapana. Kisha akasema "Pula!", yaani mvua na baraka, na sote tukaitikia "Pula!" Nimeshusha pumzi niliyoibana tangu Septemba. Nimelia kidogo. Vumbi.

Jumapili, 5 Novemba
Tumehamia. Nje arobaini, ndani Mama kaomba blanketi! Hajazirai hata mara moja. Nyoka sijamwona, namsalimia nikiingia. Raha gani hii.
Leo wamepita akina mama wa kikundi cha kanisa kutoka Thamaga, watu wasiotujua. Wakazipapasa kuta, wakauliza nani fundi wa kazi hii nzuri. Ningeweza kusema ukweli. Ulikuwa umeshafika kwenye ulimi.
Nikasema ni mimi.
Wamefurahi mno. Jumanne wanarudi, watu thelathini pamoja na chifu wao, niwafundishe kukanda udongo na kusimamisha ukuta. Nimemuuliza Seneo kinachotangulia, maji au kinyesi cha ng'ombe. Kaondoka akicheka. Mama kasema ataleta kiti, akae mbele kabisa.
Wasiwasi wa nini? Kesho nina siku nzima ya kujifunza.