Chumba Kitupu cha Zoubeir

Jumamosi, 4 Juni 1988

Nimenunua daftari. Nitaandika kwa Kiswahili cha marehemu bibi yangu wa Ambanoro, kule Nosy Be. Hapa Mahajanga karakana yetu nzima ya useremala inaongea Kimalagasi na Kingazija. Zoubeir, mwenzangu wa kazini, akilifungua ataokota maneno mawili matatu, ya dua na ya biashara. Mengine hapati. Nimesoma madarasa manne tu, lakini siri najua kuifunga.

Habari kubwa. Fundi Mroivili amechoka, anarudi kwao Nosy Be. Ufunguo wa karakana ya Antanimasaja atamwachia mmoja wetu, mimi Msaidié au Zoubeir. Ma Charifa, mteja wetu, anamwoza bintiye Ansoifa, na kama ilivyo kwetu, nyumba ni ya bibi arusi, mama ndiye aliyeijenga. Ina vyumba viwili vya wageni, vinatazamana. Kimoja nakipamba mimi, kingine Zoubeir. Jumapili ya tarehe 12 yatasomwa maulidi ya harusi humo humo, halafu Ma Charifa atasema kipi kimempendeza. Mwenye chumba hicho ndiye mwenye ufunguo.

Miaka saba nimeranda mbao pale. Zoubeir ana miezi minane! Katoka Reunion na sanduku la magazeti ya mapambo ya nyumba, suruali ya kitani, na penseli sikioni. Penseli hata mimi ninayo. Yangu haikai.

Jumapili, 5 Juni

Nimeazima gazeti moja la Zoubeir. Yeye hajui kama kaniazima. Nimelisoma chooni mpaka mke wa mjomba akagonga mara mbili.

Kusoma ni kusema tu. Kifaransa sijui. Lakini picha! Taa ya karatasi, nyeupe, kubwa kama tenga. Meza isiyo na kitambaa, na haioni haya. Herufi kubwa kama milango, nyekundu, zimesimama peke yake kwenye karatasi, na pembeni hakuna kitu. Moyo ulinidunda kama nimemkuta mwanamke anachana nywele.

Na kile kiti. Bomba moja la chuma limepindwa, miguu ya nyuma hakina. Mzungu kakikalia, anacheka.

Nimekitazama mpaka macho yakauma. Halafu nikakumbuka kwamba Zoubeir alikiona kabla yangu. Raha yote ikaisha.

Jumatatu, 6 Juni

Nimetengeneza kile kiti. Nilipata bomba la maji, nikalijaza mchanga, nikalitia motoni, nikalipinda. Kilisimama! Bila miguu ya nyuma! Nilitaka nikikalie mimi kwanza, lakini Fundi alipita na glasi yake ya chai, akakaa.

Kiti kikainama. Taratibu, kama ngamia anayepiga magoti. Kikamfikisha Fundi chini bila kumwaga hata tone. Akainywa chai yake pale pale kwenye vumbi. Akamaliza. Ndipo akauliza bomba la uani liko wapi.

Zoubeir akasema kile cha gazetini ni cha chuma kinene zaidi, ila mpindo wangu ni safi. Hakucheka. Angecheka ningemsamehe.

Jumanne, 7 Juni

Nimechungulia chumba chake. Nimechungulia dirishani, halafu mlangoni, halafu dirishani tena.

Hamna kitu!

Kuta nyeupe. Benchi moja la mbao ya palisanda, pana, la chini, limepita ukuta mzima. Taa ya karatasi. Ukutani kachora duara jekundu, basi. Nikamuuliza kwa upole vitu vingine vinafika lini. Akasema vimeshafika. Maskini. Nilitoka nje nicheke, na Mungu anisamehe.

Nilirudi mara mbili kulitazama benchi. Nilipapasa kona kwa kidole nitafute msumari. Hakuna. Nilipapasa tena. Sikulala mchana.

Uamuzi wangu: yeye kaacha wazi, mimi nitajaza. Ma Charifa ni mtu mzima. Ataujua utajiri akiuona.

Jumatano, 8 Juni

Nimejaza. Makochi mawili mekundu. Viti sita. Meza ya kioo. Kabati la vyombo linalofika darini, limepita mlangoni vipande vipande, nikaliunga humo ndani. Kazi nzuri kabisa! Makochi na viti vyote nimevivisha nailoni visichafuke. Ukutani nimeandika KARIBUNI kwa rangi saba, kila herufi na kivuli chake.

Zoubeir alinishikia ngazi. Akasema vile vivuli hata yeye hawezi. Alikuwa na maana gani? Nimefikiri jioni nzima. Mtu akikusifu huku kakushikia ngazi, ana lake jambo.

Alhamisi, 9 Juni

Nimepata akili. Maulidi watakuja wazee. Wazee wana magoti. Wakiingizwa kwenye chumba cha Zoubeir watatafuta kiti, hawatakiona, watatazamana. Ma Charifa ataona aibu mbele ya watu, na mambo yamekwisha.

Shida ni kumwambia. Mimi na wanawake wakubwa ulimi hunikauka. Nilizunguka nyumba mara tatu nikijifundisha maneno. Mara ya nne alinikuta mwenyewe, akauliza kama nimepoteza mbuzi. Nikasema, bila kumeza mate, kwamba wasomaji kingewafaa chumba cha Zoubeir, kina hewa. Akanitazama sana. Akasema: "Msaidié, mwanangu, kumbe una moyo mweupe namna hii."

Nikaona aibu kidogo. Ikapita nilipofika kona.

Ijumaa, 10 Juni

Nimeuota ufunguo. Ulikuwa umevishwa nailoni.

Jumapili, 12 Juni

Maulidi.

Wazee wameingia kwa Zoubeir. Nilisimama mlangoni nione wakitafuta viti. Nyuma yao wakaingia vijana na mikeka. Mikeka! Tangu lini maulidi yakasomwa kwenye viti? Nimekulia kwenye mikeka hiyo. Maulidi ya mjomba mimi mwenyewe ndiye niliyetandika. Wiki nzima nimewaza magoti ya watu, mikeka haikunijia.

Wamekaa watu thelathini, na nafasi ikabaki. Bakoko Houssen, ambaye ndiye mkubwa wa wasomaji na hasifu hata pilau, aliegemeza mgongo kwenye lile benchi, akavuta pumzi. "Miaka yote nasoma kwenye nyumba za watu," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza sikungoja makabati yatolewe nje."

Watu wakazidi. Waliobaki wakaletwa kwangu. Kwangu hata paka hana pa kukaa. Ma Charifa akaamuru vitu vitoke. Vijana wakalisukuma kabati, likagoma. Nikawaambia haliwezi kutoka, limezaliwa humo. Wakabeba kochi, likanasa mlangoni, nusu ndani nusu ukumbini, na watu kumi na tisa wako ndani pamoja nami. Kurudi halirudi, kutoka halitoki. Ubani tukapitishiwa juu. Marashi tukarushiwa. Mmoja alitaka kwenda chooni, tukamtolea dirishani.

Tukakaa tulipoweza, wengine kwenye viti, wengine kwenye mikono ya viti, mmoja juu ya meza, nikimwomba kwa macho asiegemee. Joto. Kikafika kisomo cha kusimama. Watu wote wakainuka kwa heshima, kwa pamoja, na ile nailoni iliyokuwa imewaganda mapajani ikaachia. Kwa pamoja.

Mlio ule sitauandika.

Chumba cha pili wakanyamaza. Bakoko Houssen alikohoa, akaendelea. Ma Charifa alikuwa ng'ambo ya kochi, ananitazama. Zoubeir alikuwa kapiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi na bisibisi, anafungua miguu ya kochi langu ili watu watoke. Hakuichubua hata rangi.

Jumatatu, 13 Juni

Ma Charifa alisema kwa upole. Chumba changu ni kizuri mno, ila angependa siku moja aweze kuingia. Fundi akampa Zoubeir ufunguo mbele yangu. Nilitazama kucha zangu.

Jioni Zoubeir akanifuata nikipanga randa. Huniita zoky, kaka mkubwa, kwa kuwa namzidi mwaka mmoja. "Zoky, usiondoke," akasema. "Mikono yako inanishinda. Mimi ninachojua ni kuacha wazi tu. Tukae pamoja."

Nilisema nitafikiri. Nilishakubali kabla hajamaliza, lakini asijue.

Halafu akalitoa lile gazeti, nililokuwa nimelirudisha kwa siri, akasema ni langu, ameona nimelikunja pembe ukurasa wa kiti. Alijua siku zote! Mtu gani huyu? Kanipokonya hata wizi wangu.

Alhamisi, 16 Juni

Juzi Zoubeir alinipa kazi ya kwanza, peke yangu, bila kunisimamia. Ni nyumba ya Bi Zaïnaba, nje ya mji, Belobaka. Ndugu zake wanahamia kwake na amewanunulia vitanda vipya. Zoubeir kasema niviunge, nivipange, nirudi. Kanikabidhi na ufunguo wa nyumba, Bi Zaïnaba mwenyewe kaenda kuwachukua. Anadhani nitaishia hapo.

Nimelala chali sakafuni nikafikiri. Sasa nimeelewa kila kitu. Nilikosea kujaza. Watu hawapendi vitu! Zoubeir alishinda kwa kuacha wazi, lakini alikuwa mwoga, akaacha benchi. Mimi sitaacha hata benchi.

Siku mbili nafanya kazi bila kula. Vitanda vyote nimevitoa, nimevipeleka sokoni kwa mkokoteni. Na kabati. Na meza. Kuta nimezipaka chokaa mara tatu. Chumba kikubwa nimechora duara jekundu, kubwa mara mbili ya la kwake. Nimesimama katikati, nimekohoa, sauti imenirudia. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hiki maishani mwangu.

Wanafika kesho asubuhi kutoka Nosy Be. Watu kumi na mmoja, na koko, bibi yao, anayeumwa mgongo. Nimemwambia Zoubeir aje aone. Atakufa kwa wivu.